Usiniambie Babu Zetu Hawakupima

Mjomba wangu hajui kuandika ujumbe mfupi. Yeye hutuma sauti ya dakika tatu au nne, na kabla hajafika kwenye jambo lenyewe utakuwa umeshasikia kuku, pikipiki, na mtu anaulizwa kama chai imeiva. Septemba iliyopita niliweka kwenye kundi la familia picha ya uta wangu ukiwa mezani, tayari kwa msimu. Podo limefungwa ubavuni na mishale yake mitano, fimbo moja imetokeza mbele, na nyingine fupi imerudi nyuma upande wa kushoto kama mguu wa panzi. Akajibu: "Mpwa wangu, sasa hiyo ni silaha ama ni antena? Babu yako aliwinda kwa mti na upote. Mavyuma haya hakuwa nayo. Na hakukosa."

Kundi zima likacheka. Binamu zangu wa Mombasa wakaongeza yao, mmoja akaniuliza kama inashika KBC. Na mimi nikacheka, maana ilichekesha.

Lakini maneno yale nimeyasikia mara nyingi mno, si kwa mjomba peke yake. Nimeyasikia kwa Wakenya wenzangu hapa Minnesota wanaponiona napakia vitu kwenye gari, nimeyasikia kwa watu ambao hawajawahi kushika hata manati: babu zetu hawakuhitaji haya. Sasa nataka niyajibu kwa kirefu, kwa sababu yanamsingizia babu na papo hapo yanampa mvivu ruhusa. Na uvivu wa mtu mwenye uta haulipwi na yeye. Unalipwa na mnyama.

Tuanze na hivyo vyuma.

Uta ninaotumia ni huu wa kapi, aina ambayo Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri alipata hataza yake mwaka 1969. Ukiwa mtupu, vile unavyotoka dukani, unakaa vizuri mkononi. Shida inaanza unapoufanya uwe wa kuwindia. Kwa sisi tunaovuta kwa mkono wa kulia, kifaa cha kulengea hufungwa upande wa kulia wa uta. Podo nalo hufungwa huko huko kulia, nje ya kifaa cha kulengea. Podo langu pamoja na mishale mitano ni gramu 420 hivi. Si kitu, hata nusu kilo ya sukari haifiki. Ila halikai katikati. Linakaa nje, kama sentimita 8 kutoka mstari wa katikati ya uta, na huko nje ndiko uzito mdogo unakojifanya mkubwa. Aliyewahi kubeba maji kwa mzega, debe moja limejaa na la pili limevuja njiani, hahitaji mwalimu wa fizikia. Bega ndilo litakalomfundisha.

Kwa hiyo ukiuinua uta, kichwa chake kinataka kuangukia kulia. Mkono wako wa kushoto, bila kukuomba ruhusa, unausokota urudi wima. Hapo unadhani mambo ni sawa. Si sawa. Mkono unaosahihisha ni mkono unaofanya kazi mbili, na ukipatwa na baridi, au hofu, au ukasubiri dakika mbili mnyama ageuke, unaacha ile kazi ya pili bila kukwambia. Na mshale ukiondoka, zile nguvu za kusokota bado zimo kiganjani, zinauzungusha uta wakati mshale haujamaliza kuuacha upote.

Dawa ni ile ile ya mzega: weka kitu upande wa pili. Ndiyo ile fimbo fupi iliyorudi nyuma kushoto, yenye uzito nchani. Kwa kuwa ncha yake inakaa mbali zaidi na katikati kuliko podo, haihitaji uzito sawa na podo. Kama inatokeza sentimita 12, gramu 280 zinatosha kujibu zile 420. Fimbo ya mbele ina kazi nyingine kabisa, na watu huzichanganya kila siku. Hiyo inaupa uta uzembe. Kitu chenye uzito mbali na mkono hakiyumbi upesi, kama vile mchi mrefu usivyogeuka haraka kama kijiti. Mkono ukitetemeka, uta hauitikii kila tetemeko.

Hayo tu. Hakuna uchawi, na hakuna antena.

Sasa kwa nini nayasema kwa hasira. Mwaka wangu wa pili wa kuwinda nilijizoeza majira yote ya joto bila podo. Kila mtu pale uwanjani alikuwa akilitoa podo lake na kuliweka chini, uta unakuwa mwepesi, mishale inakwenda inakotakiwa, unajisikia bingwa. Mimi nilikuwa napiga kopo la kahawa kwa yadi 40, mara nane kati ya kumi. Usiku wa kuamkia siku yangu ya kwanza msituni nikalifunga podo, nikaujaza mishale yenye chembe za kuwindia, nikauinua uta mara moja sebuleni. Nikauona umekuwa mzito kidogo. Nikasema, si neno.

Jioni ya siku ya tatu, mwisho wa Oktoba, nimekaa juu ya dungu kwenye shamba la mzee mmoja aliyeniruhusu kuwinda kwake, alitokea kulungu jike. Hawa ni wale kulungu wa Marekani wenye mkia mweupe. Akasimama ubavu, kichwa kimeelekea kushoto kwangu, yadi 40 kwa kipimo. Nikavuta. Kwenye kifaa changu cha kulengea kuna pimamaji ndogo, kama ya fundi wa ujenzi lakini ukubwa wa punje ya mchele, ili mtu ajue kama uta umesimama wima. Kiputo chake kilikuwa kimekwenda kushoto, maana yake uta umeinamia kulia. Nilikiona. Nataka niandike hivyo waziwazi, kwa sababu miaka miwili nilikuwa nawaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba sikukiona.

Nikaachia.

Hesabu niliipiga baadaye, kwenye karatasi, na ni hesabu ya sekondari. Kwa umbali ule mshale wangu hushuka karibu mita moja, ndiyo maana mtu hulenga kwa kuuinua uta kiasi hicho. Ukiuinamisha uta kulia digrii 5 tu, sehemu ya huko kuinua inageuka kuwa kusukuma pembeni: sentimita 8 hivi kwenda kulia. Kulungu yule alikuwa ameelekea kushoto. Sentimita 8 kulia, kutoka nyuma ya bega nilikolenga, ni kutoka kwenye mapafu kuelekea tumboni. Kulungu aliyepigwa mapafu huenda sekunde chache na kuanguka. Aliyepigwa tumbo huenda usiku mzima.

Sisemi kwamba mwinamo ule ndio kosa lote. Nilikuwa na pupa, na yadi 40 zilikuwa mbali kwangu na podo lile. Lakini mshale niliuokota ng'ambo ya pale aliposimama, una utepe wa kijani na harufu ambayo aliyewahi kuchinja mbuzi anaijua. Mwenye shamba akaja na tochi, akaunusa, akatikisa kichwa. Akasema tusimfuate usiku, tukimfuata atakwenda mbali zaidi na atateseka zaidi. Nikalala na nguo zangu. Alfajiri tukamkuta kando ya kijito, maana mnyama wa jeraha la tumbo hutafuta maji, na koyote walikuwa wamefika kabla yetu. Nikafunga lebo ya leseni yangu kwenye mguu uliobaki. Mzee akaniambia halilazimiki kufanywa hivyo kwa mzoga usio na nyama. Nikaifunga, kwa sababu nilikuwa nimeua.

Basi mtu akiniambia kwamba kusawazisha uta ni mbwembwe za Kizungu, ninayemkumbuka ni yule.

Na wanaouza mbwembwe nao wapo, nisiwafiche. Wiki iliyofuata nilikwenda dukani, nikamweleza muuzaji kwamba uta wangu unaangukia kulia. Akaniuzia fimbo ya mbele, ndefu, ya kaboni, kwa pesa ambazo sizitaji humu kwa sababu mke wangu husoma ninachoandika. Fimbo ya mbele imenyooka kwenye mstari wa katikati. Inaweza kuutuliza uta, lakini haiwezi kujibu mzigo ulio kulia. Ni kama debe lako la kulia limejaa halafu mtu anakupa fimbo ya kutembelea. Muuzaji ama hakujua ama hakujali. Na pale ukutani kulikuwa na nyingine fupi, za mpira, kidole na nusu, ambazo kazi yake kubwa ni kupunguza mlio. Nazo zimeandikwa stabilaiza. Watu wanazining'iniza kama hirizi, halafu wanashangaa.

Wazo lenyewe halina kosa. Mwaka 1961 Earl Hoyt, mtengeneza nyuta wa Missouri huko huko, aliingiza sokoni fimbo zenye uzito za kufunga mbele ya uta kwa sababu alielewa uta unafanya nini mkononi. Wanaoununua uelewa wake leo wengi hawauchukui uelewa, wanachukua chuma. Mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo nikiwasema najisema.

Kwa maoni yangu njia za heshima ni chache. Unaweza kulitoa podo ukishapanda dungu, ukalitundika tawini, na ukajizoeza hivyo hivyo bila podo. Unaweza kuliacha, ukaweka uzito wa kulijibu, na ukajizoeza nalo mwaka mzima. Au usilifunge kwenye uta hata kidogo, ulivae kiunoni, kama wafanyavyo wapiga upinde wa Olimpiki. Na hao tunao. Mwaka 2016 mjini Rio, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi hakuwa mkimbiaji, alikuwa mpiga upinde, Shehzana Anwar. Nyuta za mchezo ule zina fimbo ndefu mbele na mbili zimerudi nyuma, zaidi ya antena yangu, na podo liko nyongani. Sikumbuki mtu kwenye kundi la familia akiuliza kama ule wa bendera unashika KBC.

Sasa twende kwa babu, maana yeye ndiye aliyetajwa.

Babu mzaa mama alikuwa Mwaata, wa nyuma ya Malindi, ng'ambo ya Sabaki. Majirani waliwaita Wasanye, wengine Waliangulu, na vitabu vya wazungu vikashika hilo la mwisho. Nyuta za Waata zilipopimwa na wazungu ziliandikwa kuwa za zaidi ya ratili 100. Mimi navuta ratili 70, na hata hizo ni za kudanganya: ukifika mwisho wa kuvuta, kapi zinabeba asilimia 80 ya mzigo, unabaki umeshikilia ratili 14 kwa ncha za vidole. Ni raha. Unaweza kusimama hivyo nusu dakika unamngoja mnyama ageuke.

Lakini raha hiyo ina deni, na hapa ndipo mjomba wangu na wenziwe wanapopotea. Uta unaoushikilia kwa ratili 14 ni mlegevu mkononi. Kitu kidogo kinaugeuza, podo, upepo, mapigo ya moyo. Uta wa ratili 100 ulio kwenye mvuto kamili umekazwa baina ya mikono miwili na mgongo mzima, hauna nafasi ya kuyumba, na mwenyewe hana nafasi ya kuusubirisha. Anavuta na kuachia kwa pumzi moja. Kwa hiyo vyuma vyangu ni malipo ya raha ya kapi. Babu hakuhitaji fimbo ya kuutuliza uta kwa kuwa uta wake ulikuwa unamtuliza kwa kumuumiza. Ukitaka kuwinda kama yeye, ziache fimbo, lakini ziache na kapi pia, halafu anza kuvuta ratili 100 tangu una miaka kumi na miwili. Hakuna anayenipigia kelele kuhusu antena aliye tayari kwa sehemu hiyo ya pili.

Tena kuna sumu. Mishale ya Waata, kama ya Wakamba na wengine wengi wa nchi hii, ilipakwa sumu iliyopikwa kwa mti wa Acokanthera, weusi mzito kama lami, ikafungwa kwa utepe wa ngozi laini isikauke na isimchome mwenyewe. Ndani yake mna kitu ambacho wataalamu wanakiita wabaini, jina walilolichukua kwa Wasomali, na Ulaya kilitumika kama dawa ya moyo. Kwenye mshale kilikuwa kazi hiyo hiyo, ila kinyume. Maana yake ni kwamba babu hakulazimika kuyapata mapafu. Ilitosha mshale uzame ndani penye damu, na sumu iliyo mpya ingemaliza iliyobaki. Sentimita 8 kulia hazikumpa usingizi mbaya. Mimi sina sumu. Chembe zangu ni wembe mtupu, zinaua kwa kukata, na zikikata pasipo penyewe haziui upesi. Kila ambacho sumu ilimsamehe babu, mimi nakidaiwa kwa usahihi. Usahihi huo unatoka wapi kama si kwenye uta uliosimama wima?

Ndiyo maana nasema "hakuwa na mavyuma haya" ni ukweli usiosema kitu. Alikuwa na misuli niliyoikosa, sumu nisiyoruhusiwa, na alimkaribia mnyama kuliko ninavyothubutu mimi. Kumtaja bila hivyo ni kumgeuza babu kuwa kibonzo, mtu mwenye kipaji cha msituni, anapiga tu bila kufikiri, kama simba. Wakoloni walimwona hivyo hivyo. Sisi tumelichukua wazo lao, tumelivalisha kanzu, tunaliita sifa.

Na hatujasahau kwa bahati mbaya. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948 juu ya nchi waliyowinda Waata. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja operesheni kubwa ya kuwakamata, na mabingwa wa uta, watu waliojulikana kwa majina kutoka mto hadi mto, wakaingia jela mmoja mmoja. Mwaka 1960 ukajaribiwa mpango wa Galana, wa kuwaachia Waata wawinde tembo kwa kibali na usimamizi, haukudumu. Mwaka 1977 serikali huru ikapiga marufuku uwindaji wote, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikataja wazi hata uwindaji wa kujipatia kitoweo. Babu mwenyewe alilala ndani mara mbili, na hakupenda kuulizwa. Uta wake aliuchana akaufanya kuni, hilo alinisimulia mama. Baada ya hapo ungemfundisha nani kuchonga, na wa nini? Wa kumpeleka mtoto korokoroni?

Siandiki haya kutetea meno ya tembo. Pembe zilizotoka Tsavo ziliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, tembo wengi walikufa, na mtu aliyeona mizoga ile ana haki ya kukasirika. Wala siombi uwindaji ufunguliwe Kenya kesho. Nikitazama jinsi tunavyogawana ardhi, naogopa kuona tungegawanaje swala. Ninachosema ni kwamba sheria ilifuta kazi, na kazi ikaondoka na akili yake, na sasa kilichobaki tunakitumia kupigia dongo watu wa picha za WhatsApp.

Linganisha na upande wa pili. Mwaka 1911 mtu mmoja aliyepewa jina la Ishi alitokea karibu na mji wa Oroville, California, wa mwisho kujulikana wa watu wake, Wayahi, ambao walowezi walikuwa wamewamaliza. Akapewa makao kwenye jumba la makumbusho San Francisco. Daktari wa chuo kikuu, Saxton Pope, akawa rafiki yake, akajifunza kwake kuchonga uta na kuwinda nao. Ishi akafa mwaka 1916. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young wakavuka bahari, wakaja Tanganyika kuwinda simba kwa uta, na mwaka uliofuata Pope akakitoa kitabu cha safari ile. Mwaka 1961 Wamarekani wakaanzisha klabu ya wawindaji wa uta yenye majina yao mawili, na ipo mpaka leo. Kwa hiyo elimu ya mtu aliyefutwa kabila lake ikaandikwa, ikapimwa, ikaongezwa, ikawa mchezo wa heshima, ikaja mpaka kwetu kutalii. Muongo wa tatu baadaye, upande huu wa mpaka, wenye elimu kama hiyo wakawa wanapakiwa kwenye malori.

Mimi najua nimekaa wapi katika kisa hicho. Nina leseni. Nilipolinunua podo langu nililipa ndani ya bei yake ushuru wa asilimia 11, ule unaotozwa nyuta, mapodo na chembe, na ambao hurudi majimboni kutunza wanyama na mapori. Nikipita barabarani na uta nyuma ya gari, watu wananipungia mkono. Mjukuu wa jangili, mhifadhi. Sijabadilika damu, nimebadilisha anwani.

Kuna watakaosema: ungeacha kuua kabisa, hizo gramu zako zote zisingehitajika. Ni kweli, na anayesema hivyo huku hali nyama namsikiliza kwa adabu. Wanaobaki, na hao ndio wengi, tukutane buchani.

Mwezi huu nimetumia jioni nne kuuweka uta sawa. Namna yangu ni rahisi, na haihitaji duka. Nafumba macho, navuta, nautulia kama ninavyotulia msituni, nafumbua, natazama kiputo. Kikiwa kushoto, naongeza uzito kidogo kwenye fimbo ya nyuma au naitanua nje kidogo. Nafumba tena. Mkono ukiwa na macho hudanganya. Ukifumba unasema kweli. Nililisogeza podo karibu na uta mpaka linakaribia kugusa, nikapunguza uzito wa mbele niliouziwa, na uta mzima sasa unalemea mkono kuliko zamani lakini hauelekei popote.

Nilipomaliza, nikampigia mjomba. Si ujumbe, simu. Nikamuuliza swali ambalo, naona aibu kusema, sikuwahi kuliuliza: babu alibeba podo wapi?

Akanyamaza kwanza. Halafu akasema begani, lina kamba, na kifuniko cha ngozi. Akinyemelea analisukuma mgongoni. "Lakini akishakaribia sana halivai. Analilaza chini ya mti, anakwenda na mishale miwili tu mkononi. Podo lina kelele, na linakuvuta upande." Alisema hivyo hasa, linakuvuta upande. Nikamuuliza kuhusu uta. Akasema alipokuwa anachonga alikuwa anauweka juu ya kidole kimoja, hivi, anautazama unaegemea wapi, anakwangua, anauweka tena. Siku mbili, tatu. "Sisi watoto tulikuwa tunamcheka, tunasema mzee anapima uta kama dhahabu."

Nikamweleza fimbo ya nyuma. Nikamtajia zile gramu, na sentimita, na jinsi upande mmoja unavyoujibu wa pili. Alisikiliza yote, nikasikia pikipiki ikipita kwake.

"Haya," akasema. "Na ukishatoa mshale mmoja podoni, ukauweka kwenye upote, hiyo hesabu yako si imeharibika?"

Nikamwambia ndiyo maana nausawazisha podo likiwa na minne.